Daktari Aliyefungua Madirisha kwenye Mayai

Mtu wa kwanza maishani mwangu kuniuliza kama jogoo wangu anafanya kazi yake sawasawa alikuwa mama mmoja mwenye digrii tatu. Alisimama kwenye geti langu pale Kabiria, viatu vya ngozi, mkoba begani, akaniangalia usoni bila kucheka. Mimi nikacheka. Akarudia swali.

"Nauliza hivi, mzee. Huyo jogoo anapanda kuku wote, ama amejichagulia wachache?"

Nikamwambia huyo hachagui, hata bata wa jirani wanamkimbia. Hapo akacheka, tena kwa sauti, mdomo wazi, kicheko ambacho hukitarajii kwa mtu aliyevaa sketi ya pasi namna ile. Akachukua trei moja. Akasema yakifaa atarudi. Alirudi kwa miaka karibu saba.

Jina lake nitaliacha lilipo. Alishatangulia mbele za haki, na kwangu hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Daktari. Majirani walimwita Daktari wa Mayai, na wengine wakadhani anatibu kuku, wakawa wanamvizia kwenye geti na kuku waliopinda shingo. Hakuwafukuza. Alikuwa anamshika kuku, anamwangalia jicho, kisha anasema, "Huyu mchinjeni leo, kesho mtamzika." Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu nikaingia mjengo, nikabeba kokoto za watu pale Jamhuri mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikageukia kuku. Kwa hiyo msinitarajie niyaeleze mambo yake kama yanavyoandikwa vitabuni. Nitayaeleza kama nilivyoelezwa, na yeye alijua kueleza.

Mke wangu, Mama Wambui, ndiye aliyeanza wasiwasi.

"Baba Wambui, hebu fikiria. Ni mayai ya kienyeji. Lazima yawe na mbegu. Kila Jumatatu. Na mwenyewe hayali, nimemwuliza, anasema hata harufu yake haipendi. Huyo ni mganga."

"Mganga ana stika ya chuo kwenye gari?"

"Siku hizi wanasoma."

Kusema ukweli, nami liliniingia. Jumatatu moja nikajifanya nina safari ya mjini, nikampelekea mayai mwenyewe. Maabara yake ilikuwa chini ya jengo la chuo kimoja pale katikati ya mji. Unashuka ngazi mpaka unahisi baridi ya udongo. Ndani kulikuwa na kabati la joto lenye mayai yamepangwa kama ya dukani, na juu ya kila yai kakipande ka selotepu inayopenyeza mwanga. Akanivuta mkono, akatoa moja, akaliweka chini ya taa. "Chungulia."

Yai lilikuwa limekatwa dirisha. Dirisha la kweli, la mraba, dogo kuliko ukucha wangu wa kidole gumba. Na ndani, Mungu wangu, kulikuwa na mishipa. Myekundu, imetambaa kila upande kama mizizi ya mti uliong'olewa, na katikati kitone kinapigapiga. Nimevunja mayai tangu utotoni, nikakutana na damu, nikatupa na kutema mate. Sikuwahi kujua natupa kitu kizuri hivyo.

"Sasa ona hapa," akasema, akaelekeza kwa sindano. Palikuwa na kipele cheupe, kama punje ya wimbi, kimekaa juu ya ule utando. "Hizo ni chembe za uvimbe, za saratani. Nimezipanda mimi juzi. Mayai hayana nguvu ya kuzikataa, kwa hiyo zinaota. Unaona mishipa inavyopinda kwenda kwake?"

Niliona. Mishipa mingine ilikuwa inaenda zake sawasawa kama barabara, lakini iliyokuwa karibu na kile kipele ilikuwa imeacha njia, ikakielekea.

Halafu akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau. Kwetu Kabiria na Kawangware kuna watu wanaojivutia maji. Bomba la kanjo, la baraza la jiji, linapita barabarani, mtu anachimba, analitoboa, anaunganisha kipaipu cha plastiki mpaka kwake. Kinapinda, kinavuja, lakini maji yanafika. Akasema uvimbe uko hivyo hivyo. Ukiwa mdogo kama punje unaweza kukaa mwilini miaka, umelala, kwa sababu hauna maji. Siku unapojifunza kuita mishipa mipya, ndiyo siku unapoanza kujenga ghorofa.

"Na sisi madaktari," akasema, "tukipiga picha tunaona nyumba. Hatuoni bomba. Hatujui nani amelala na nani anajenga, tunakata kwanza ndipo tujue. Mimi nataka picha inayoonyesha bomba linalochimbwa leo. Kabla ya kisu."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Alikuwa nalo kabla hajanijua, na kila alilolifanya lilikuwa linazunguka hapo.

Nyumbani nikamwambia Mama Wambui si uganga. Akaniuliza ni nini basi. Nikamwambia ni mambo ya bomba. Akaniangalia kwa namna ya mtu aliyeoa mjinga. Samahani, aliyeolewa na mjinga.

Sasa tabia zake. Alikuwa Mkamba wa kutoka upande wa Machakos, na mimi ni Mkikuyu, kwa hiyo utani haukukosekana. Nikichelewa, aliniambia Mkikuyu akichelewa ujue amepata mnunuzi mwingine njiani. Nami nikamwambia Mkamba akikusalimia sana, angalia kama hajakuroga kwa yai. Alipenda usafi wa ajabu kule maabara, ananawa mikono mpaka ngozi inapauka, lakini gari lake lilikuwa na matope ya mwaka juzi na ndani maganda ya miwa. Aliwakaripia wanafunzi mpaka wengine wakalia kwenye ngazi, halafu akitaka kulizima yai lililomaliza kazi, alilifunika kwanza kwa kiganja. Nilimwuliza anaomba? Akasema, "Sijui. Naona tu haya kuliacha wazi."

Alikuwa na kauli zake. Mtu akimletea jibu haraka, alisema, "Yai halina haraka. Haraka ni ya mwenye njaa." Akiona mtu anajifanya anajua, alisema, "Wewe umeona ganda." Kanisani alikuwa anaimba kwaya, sauti ya pili, na mhubiri akisema jambo asilolikubali unamwona anatikisa kichwa huku anaimba.

Na alikuwa na sukari. Ugonjwa wa sukari, nasema, na sukari yenyewe pia. Huyu mtu aliyejua kila chembe ya damu alikuwa akija kwangu anakunywa chai ya Mama Wambui, vijiko vinne, na mandazi mawili. Mke wangu alipojua, akamnyima. Daktari akamwangalia kama mtoto aliyenyang'anywa.

"Mama Wambui, si ni kijiko kimoja tu."

"Hata kimoja. Wewe ni daktari wa aina gani?"

"Wa mayai."

Sukari ikamwingia machoni. Alianza kwa kusema anaona nzi wadogo wanaopita hewani. Halafu akaacha kuendesha gari, akaliacha lioze pale nyumbani kwake Woodley. Siku moja alikuja, akaniambia kule kliniki wamempiga picha ndani ya jicho, na nyuma ya jicho mishipa mipya imeota. Midhaifu, inapasuka, inamwaga damu ndani ya jicho.

"Unaelewa, Baba Wambui? Miaka yote nimewachungulia wanaojivutia maji, kumbe wamehamia kwangu." Akacheka kile kicheko chake. Mimi sikuweza. Halafu akaanza kunieleza jinsi picha ile ilivyopigwa, rangi gani walimdunga mkononi, ilifika jichoni baada ya sekunde ngapi, mpaka nikaona huyu mama amefurahia picha kuliko alivyoogopa ugonjwa.

Lakini aliogopa. Nilijua alipoanza kuharakisha, yeye wa yai halina haraka. Alikuwa amestaafu tayari, chuo kimemwachia chumba kwa hisani. Rafiki yake wa ng'ambo akamtumia kichupa cha rangi ndani ya barafu. Hiyo haikuwa rangi ya kawaida inayoingia kila mshipa. Alisema mshipa mpya ni kama ukuta ambao haujapigwa plasta, una miparuzo, na rangi hii ina ndoano za kushika miparuzo hiyo tu. Kwenye ukuta wa zamani inateleza. Sisi wa mjengo tunaelewa. Kichupa kilitosha mayai dazani moja. Kamera ya kuiona ikiwaka, kamera iliyofungwa ndani ya sanduku jeusi, aliiazima kutoka taasisi nyingine kwa wiki moja: inakuja Jumatatu, inarudi Jumamosi. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazimika. La kulia lilikuwa la siku kwa siku.

"Nikiona hiyo tu," aliniambia, "wakinifungia chumba sitalia."

Sasa nikiri kosa langu, maana hapa ndipo nilipokaribia kumwua kabla ya wakati wake.

Alipoagiza mayai ya kazi hiyo, Mama Wambui alisikia kwamba wakubwa wa chuo watakuja kuona. Akayaangalia mayai kwenye kikapu, yamechafuka kama kawaida ya mayai.

"Haya ndiyo yaende kuonekana na wageni? Na mavi?"

Tukayaosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa laini. Halafu tukayapaka mafuta ya kupikia kidogo, yakang'aa kama yametoka kwa fundi viatu. Na ajabu ni kwamba mimi najua, tena vizuri, yai la kulaliwa haliguswi na maji. Mama yangu angenichapa. Lakini kichwani mwangu yai likishapanda kwenda mjini halikuwa la kulaliwa tena. Lilikuwa yai la daktari.

Kwa kawaida Daktari huyamulika kwa tochi siku ya nne kuona kama yana uhai. Safari hiyo macho yalimsumbua, fundi wake wa maabara alikuwa kwao kwa mazishi, basi yakakaa kwenye kabati mpaka siku ya nane. Ilikuwa Jumapili, ametoka kanisani. Simu ikalia.

"Baba Wambui. Mayai yako yamekufa yote."

"Yote?"

"Hakuna hata lenye uzi mmoja. Uliyafanyia nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Basi," akasema. "Mayai mapya yanataka siku nane kabla sijapanda uvimbe. Kamera inakuja kesho, na siku nane zikiisha itakuwa imeshaondoka."

Nikakaa kwenye gogo pale uani. Na mbele yangu, chini ya ghala la mahindi, kuku wangu mwekundu alikuwa amelalia, amenikazia macho kama kawaida yake. Nikahesabu na vidole. Aliingia kulalia Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Siku nane.

Jamani, nilisimama kama kijana.

Kwetu kuku akianza kulalia, mayai yake yanachorwa kwa makaa, ili akitaga mwingine humo humo ulijue la leo na la zamani. Nikayatoa yenye alama, manane, huku ananidonoa mkono mpaka damu, na haki ilikuwa yake. Yalihitajika kumi na mawili na ya akiba. Nikaenda kwa jirani, Mama Kamau, ambaye kuku wake aliingia siku moja na wangu.

"Unataka kumnyang'anya kuku mayai yaliyolaliwa? Umelewa Jumapili?"

"Nitakulipa vifaranga, kila yai kifaranga."

"Sitaki vifaranga vyako, vinazaliwa vikiwa na jeuri ya baba yao. Ni ya nini?"

"Ni ya Daktari. Ni mambo ya kansa."

Kwetu hakuna ua ambao hilo neno halijapita. Akapiga magoti mwenyewe, akaingiza mkono chini ya kuku akimnong'oneza, akanipa sita.

Asubuhi na mapema nikaondoka kwa miguu, maana gari lingeyatikisa. Kikapu, maganda ya mchele, chupa mbili za maji moto, na juu shali ya Mama Wambui, ile nzuri, ambayo aliitoa bila kuulizwa. Daktari, niliyempigia simu usiku, alinisubiri kando ya Ngong Road, karibu na kwake Woodley. Nikamwambia apande gari atangulie. Akakataa.

"Nitembee na mayai yangu."

Akashika mkono wa koti langu, maana ukingo wa barabara hauoni, tukaingia mjini namna hiyo, wazee wawili na kikapu kilichovikwa shali. Watu walitupisha wakidhani tumebeba mtoto mchanga.

"Samahani kwa ile sabuni," nikamwambia tulipofika penye miti.

"Mlitaka nisiaibike," akasema. Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Na harufu ilikuwa nzuri."

Kumi na mawili yalikuwa hai. Fundi alikuwa amerudi. Wakafungua madirisha, manane wakayapandia uvimbe, la kwanza mpaka la nane. Manne ya mwisho, la tisa mpaka la kumi na mbili, hayakupandwa kitu. Hayo yalikuwa ya kulinganishia. Yasiwake. Yakibaki giza na yale manane yakawaka, basi rangi inaujua uvimbe.

Ijumaa akanipigia nije. Nilimkuta kwenye chumba cheusi, amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, uso karibu ukiguse.

"Jicho limevuja damu jana," akasema. "Naona masizi tu. Fundi yuko chumba cha pili, kila yai lina dakika yake ya kudungwa, hawezi kuwa huku na huku. Picha zitabaki kwenye kompyuta, watu wataziona kesho na keshokutwa. Mimi nataka kujua leo. Keti."

"Daktari, mimi ni darasa la tatu."

"Umechungulia mayai yangu miaka saba. Keti. Na usiniambie ninachotaka, niambie unachoona."

Fundi akapitisha mkono kwenye pazia, yai la kwanza likaingia kwenye sanduku. Kioo kikawa cheusi, halafu pole pole kikaanza kutoa umbo.

"Mishipa mikubwa?" akauliza.

"Naiona kama kivuli. Haijawaka."

"Na kile kipele?"

"Chenyewe giza. Lakini pembeni yake..." Nilikosa neno. "Pembeni kuna nyuzi zinawaka, Daktari. Kama makaa ukiyapuliza. Nyingi. Zote zinakiendea."

Akanishika mkono. Kucha zake ziliingia. La pili, vile vile. La tatu, hafifu, lakini vile vile. Mpaka la nane alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na mimi nimesahau umri wangu, napiga kelele, lile, lile pale!

Likaingia la tisa.

Nikaangalia. Nikafikicha macho. Nikaangalia tena.

"Mbona umenyamaza?"

"Naangalia."

"Unaangalia ama unatafuta maneno?"

Nawaambieni ukweli, nilikuwa natafuta. Ingekuwa rahisi. Giza, Daktari, hakuna kitu. Angeenda nyumbani siku hiyo akiwa na furaha yake nzima, na wengine wangekuja kumwambia baadaye, si mimi. Mkono wake ulikuwa bado kwenye wangu.

"Linawaka," nikasema.

"Wapi?"

"Mwishoni mwa mishipa, pale inapogawanyika kama vidole. Si kama yale mengine. Lakini linawaka."

"Hilo halina uvimbe."

"Halina. Ni la Mama Kamau, niliona alama yake ya makaa likiingia."

Akauachia mkono wangu. Nilidhani analia, kisha nikageuka nikaona halii. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anaposikia kitu majanini.

"Kifaranga," akasema. "Kifaranga naye anajenga. Ana siku kumi na tatu, anajenga usiku na mchana. Rangi haimjui mwizi na mwenye nyumba, Baba Wambui. Inajua tu nani anachimba."

"Basi tumeshindwa?"

"Tumejibiwa. Hilo silo jibu nililoomba."

"Lakini yale manane yamewaka zaidi..."

"Usinipoze." Akapapasa mezani, akalipata daftari lake na kalamu, akanisukumia. "Andika. Yai la tisa, limewaka. Eleza wapi."

"Mwandiko wangu ni wa mtoto."

"Andika kwa mwandiko wa mtoto."

Nikaandika, herufi kubwa kubwa, ulimi nje. VIDOLENI. Nikamsomea. Akaniuliza kama vidole ni vinne au vitano, nikarudi kwenye kioo nikavihesabu, nikaandika sita. Akasogeza kiti chake karibu zaidi na kioo asichokiona, akavuta sketi yake magotini, akageuza uso kuelekea kwenye pazia.

"Haya, fundi," akasema. "Lete la kumi."